Mtoto Analijua Neno, Lakini Halimjii



Kuna swali ambalo limetufikia mara nyingi kutoka vikundi mbalimbali, hata tukaona afadhali tulijibu hapa kwa urefu. Linahusu mtoto wa shule, wa miaka 7 hivi mpaka 12. Si bubu, si kiziwi, anacheza na wenzake, akitumwa dukani anarudi na kitu sawasawa. Lakini ukimwuliza jina la kitu anakwama. "Ile… nanii… ile kitu ya kukatia." Nyumbani kwa Kisomali ni "waxaas, waxaas" kutwa nzima. Mwalimu akimwuliza swali anasimama, anatazama juu, darasa linacheka, anaketi. Mwisho wa muhula ripoti inasema ni mzito. Baba anasema basi, afadhali arudi kwa ngamia. Kama ni msichana, mnajua wenyewe maneno yanayofuata. Na kikundi kilichokuwa kikimnunulia sare na madaftari kinaanza kujiuliza kama pesa ile haipotei bure.

Jibu letu ni kwamba msikate shauri kabla ya kumpima. Na kupima kwa kwanza mnaweza kufanya wenyewe, kwa vitu vilivyoko jikoni, bila kungoja mtaalamu kutoka Nairobi. Hatusemi mumpe mtoto jina la ugonjwa, hiyo si kazi yenu wala yetu. Mnatafuta kujua kitu kimoja tu: je, neno hilo hana, au analo lakini halimjii?

MADUKA MAWILI

Fikirini wenye maduka wawili. Wa kwanza hana sukari, hakuletewa. Wa pili ana sukari, aliinunua, iko dukani humo humo, ila hajui ameiweka rafu gani. Mteja akifika kwa mmoja wao, yeyote, anarudi mikono mitupu. Kwa nje wote ni sawa. Lakini dawa si moja. Wa kwanza anahitaji mzigo. Wa pili anahitaji kupanga rafu, na ukimletea magunia mengine kumi utamzidishia shida.

Mtoto asiyejua neno ni duka la kwanza. Hapa kwetu wako wengi, na sababu mara nyingi haiko kichwani mwao. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, na baada ya hapo tume ya walimu ikahamisha walimu wengi wasio wenyeji. Shule ngapi zilibaki na mwalimu mmoja au wawili, nyinyi mnazijua kuliko sisi. Kisha ukaja ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka mwanzo wa 2023, mvua ikakosa misimu mitano mfululizo, mifugo ikaisha, familia zikahama na watoto. Mtoto aliyekaa miaka miwili bila mwalimu hawezi kulaumiwa kwa maneno ambayo hakuna mtu aliyempa.

Halafu kuna habari ya lugha. Mtoto wa Kisomali hapa Garissa anaongea Kisomali nyumbani, anasoma Kiarabu cha Kurani dugsi, anasikia Kiswahili sokoni na kwenye matatu, na shuleni anaulizwa kwa Kiingereza. Mtoto wa Kimalakote au Kimunyoyaya kule mtoni naye ana hesabu yake. Ni kama mtu mwenye mali iliyogawanywa katika maduka manne: vyombo vya maziwa viko duka la Kisomali, hesabu iko duka la Kiingereza, bei za vitu ziko la Kiswahili. Mtaala unasema madarasa ya chini, mpaka gredi ya 3, yafundishwe kwa lugha ya eneo. Ni jambo jema, lakini pale mwalimu asipoijua lugha ya eneo linabaki karatasini. Mtoto akifika gredi ya 4 akaulizwa jina la kitu kwa Kiingereza akanyamaza, hatujajua bado ni duka gani limefungwa.

Duka la pili ndilo tunalotaka kulizungumzia leo. Mtoto huyu neno alifundishwa, alishika, ukilitaja anaelewa mara moja. Akitaka kulitoa mwenyewe haji nalo, au linakuja limechelewa, au linakuja jirani yake. Sisi sote linatupata mara moja moja, hasa kwa majina ya watu. Yeye linampata mara nyingi kila siku, na kwa maneno ya kawaida kama kijiko na kamba.

WENGINE WALIVYOPIMA

Kule Marekani mama mmoja mtaalamu, Diane German, alitoa kipimo cha jambo hili mwaka 1986 kwa watoto wa shule za msingi, na kimerudiwa kutengenezwa mara kadhaa tangu hapo. Jambo tunalolipenda katika kazi yake ni hili: mtoto akishindwa kutaja neno, haishii hapo. Anaulizwa kwa njia nyingine ili ijulikane kama analielewa. Lile alielewalo lakini hakuweza kulitaja ndilo linalohesabiwa kuwa shida ya kupata neno. Lile asilolielewa kabisa linawekwa kando, maana ni mambo ya duka la kwanza. Akili yote ya kupima iko hapo, na haihitaji mashine.

Picha zao ni jambo lingine. Kuna kipimo mashuhuri cha Boston, cha mwaka 1983, chenye picha 60. Ndani yake mna nyumba ya barafu ya watu wa kaskazini kabisa ya dunia, na mnyama wa mito ya kwao anayeangusha miti kwa meno. Mtoto wa Balambala ataitaja vipi nyumba ya barafu? Ngamia naye yumo, picha moja, jina moja. Lakini mtoto wa mfugaji haoni ngamia hivi hivi. Anaona hal, yaani jike, au awr, dume la kubeba mizigo, au nirig, ndama mchanga, au qaalin, jike ambalo halijazaa. Akisema "awr" na anayeandika anangoja "geel" au "ngamia", atawekewa kosa, na kumbe mtoto amejibu kwa undani kuliko alivyoulizwa.

Hapa Kenya kuna watu waliolifikiria jambo hili. Watafiti wa kituo cha KEMRI cha Kilifi walipima watoto karibu 500 wa miaka 6 mpaka 9, matokeo yakaanza kutolewa mwaka 2005. Walitaka kujua malaria kali, ile ya kupoteza fahamu au ya degedege, inaacha nini nyuma baada ya mtoto kupona. Walipima lugha kwa sehemu zake, na sehemu mojawapo ilikuwa kupata neno. Walitumia majaribio yaliyotengenezwa kufaa watoto wa pale. Wakakuta kwamba waliougua malaria kali walikuwa na shida za lugha kwa wingi kuliko wenzao ambao hawakuugua hivyo. Kwa hiyo kabla ya kuanza kupima, mwulizeni mama: mtoto aliwahi kupoteza fahamu kwa homa? Alipata degedege? Homa ya uti wa mgongo? Ana kifafa? Masikio yanatoa usaha? Andikeni majibu, yatatakiwa baadaye.

VITU VYA KUPIMIA NI VYENU

Tafuteni vitu 20 vya kweli, si picha. Mtoto ambaye hajazoea vitabu anaweza kukwama kwa sababu ya mchoro wenyewe. Vitu vya mkononi havina hila: kijiko, kisu, sufuria, birika, kamba, sindano, kichana, mswaki, kiberiti, kufuli, tochi, sabuni, kalamu, tasbihi, jembe, kioo. Kwa wafugaji wekeni koor, ile kengele ya ngamia, na dhiil ya maziwa. Kwa watu wa mtoni wekeni ndizi, ndoana na kasia. Vitieni vyote katika gunia.

Kwanza msimwite mtoto mwenyewe. Iteni watoto watano wa rika lake, wa kijiji hicho hicho na maisha hayo hayo, ambao hakuna anayelalamika juu yao. Mtoeni kitu kimoja kimoja kwenye gunia na muulize kila mmoja peke yake, "Hii ni nini?" Kitu ambacho wawili kati ya watano hawakijui, kiondoeni, mtie kingine. Mkimaliza mnacho kipimo chenu wenyewe. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu vipimo vya ng'ambo vimetengenezwa kwa watoto wa huko, na mtoto wa daktari wa Garissa mjini si kipimo cha mtoto wa Hulugho. Mlinganisheni na aliyekunywa naye maji ya kisima kimoja.

Sasa mwiteni mtoto. Chini ya mti, asubuhi, akiwa ameshiba. Anayeuliza awe mtu anayemjua, habaryar au shangazi au mama jirani, asiwe mzee mgeni mwenye kalamu mfukoni. Msichana mwenye adabu akiulizwa na mwanamume asiyemjua atatazama chini na kunyamaza, na hiyo ni heshima aliyofunzwa. Watu wasijazane. Mmoja anauliza, mmoja anaandika, basi.

Toeni kitu, mwulize, halafu hesabuni kimoyomoyo polepole mpaka tano. Akijibu sawa ndani ya muda huo, wekeni alama ya vema. Akijibu sawa lakini amechelewa, wekeni duara. Akikosea au akinyamaza, wekeni msalaba. Muhimu zaidi ya alama ni kuandika maneno yake kama alivyoyasema. Akisema "sahani" kwa kikombe, andikeni sahani. Akisema "kichako" kwa kichana, andikeni hivyo hivyo. Akisema "ile ya kushonea", andikeni. Mtaalamu atakayeyasoma baadaye ataona mengi: huyu anakwenda kwa neno la jirani kwa maana, huyu analishika neno lakini silabi zinamchanganyika, huyu anajua kazi ya kitu lakini jina limemkimbia.

Kwa kila msalaba fanyeni mambo matatu zaidi, kwa mpangilio huu.

Mwulizeni kwa lugha nyingine. "Nyumbani kinaitwaje?" Akilitaja kwa Kisomali au Kimalakote, hesabuni kuwa amepata. Neno analo, liko duka la pili mtaani. Mtoto wa lugha mbili tatu kwa kawaida huchelewa kidogo kutaja, na hilo peke yake si shida.

Akikosa katika lugha zote, msaidieni kwa mwanzo wa neno. Hapa Kiswahili kina ujanja wake ambao vitabu vya Wazungu haviusemi. Kwa Kiingereza inatosha kumpa mtoto sauti ya kwanza. Kwa Kiswahili ukimwambia "ki…" hujamwambia kitu, maana kiti, kisu, kioo, kijiko, kikombe vyote vinaanza hivyo. Mpeni silabi mbili: "kiji…". Kwa Kisomali sauti ya kwanza yaweza kutosha. Neno likiruka papo hapo mkimsaidia hivyo, hiyo ni dalili kubwa kwamba lilikuwemo.

Mwisho, pangeni vitu sita chini, kile alichokosa kikiwemo, mseme: "Nionyeshe kijiko." Akikishika bila kusita, analijua neno. Akishika kisu, au akitazama tu, hilo neno hana, na kazi ni kumfundisha.

Baada ya gunia, mwache apumzike kisha mwambieni asimulie kitu: siku ya soko, walivyohama, mechi ya mpira. Dakika tatu nne tu. Kuna watoto wanaotaja vitu kimoja kimoja vizuri sana lakini wakisimulia wanajaa "nanii" na "hebel" na kurudi nyuma kila sentensi. Hao nao wana shida hiyo hiyo, na gunia peke yake lingewaficha.

KIKUNDI KIMOJA KILIVYOFANYA

Tulikaa katika kikao cha kikundi kimoja cha akina mama ambacho hatutakitaja. Kina mfuko mdogo wa sare na vitabu kwa watoto sita. Ajenda ilikuwa moja: mvulana wa gredi ya 4, yatima wa baba, aondolewe ili nafasi apewe mwingine. Mama mmoja akasema wazi, "Huyu hana kitu kwa kichwa. Tunamwaga maji mchangani." Bibi wa mtoto alikuwa amekaa pembeni na hakusema neno.

Walikubali kungoja wiki mbili wapime. Wenzake wa rika walitaja papo hapo kati ya vitu 16 na 19. Yeye alitaja saba. Ukiishia hapo, yule mama amesema kweli. Lakini mkapanga vitu chini, akaonyesha 19. Sita kati ya vile alivyokosa vilitoka mara tu alipopewa mwanzo wa neno. Kwa kisu alisema "panga", kwa birika alisema "ya chai, ya chai, ile", kwa kufuli alifanya ishara ya kufunga kwa mkono. Mama yule aliyesema habari ya mchanga ndiye aliyekuwa akiandika. Akasema, "Kumbe anavijua vyote!" Bibi akasema sasa kwamba mtoto alipokuwa na miaka mitatu alilala hospitalini siku nane kwa homa ya degedege. Hakuna aliyewahi kumwuliza.

Mtoto alibaki katika mfuko. Hajapona, kwa sababu hii si homa. Mwalimu wake, ambaye ni kijana mwenyeji na ana moyo, alikubali kumpa swali siku moja kabla ili ajiandae, na kumwachia achague jibu kati ya mawili. Hesabu yake ilipanda kwanza, lugha inakuja polepole.

VITU VINAVYOFANANA NAYO

Anayegugumia si huyu. Mwenye kigugumizi neno analo tayari, linakatika mdomoni: "ki-ki-ki-kisu." Huyu wetu hajalifikia bado.

Masikio yachunguzwe kwanza kabisa, hata kabla ya gunia. Watoto wengi huku wanatoa usaha masikioni mwaka mzima na watu wamezoea. Asiyesikia vizuri hupokea maneno nusu nusu, na atayatoa nusu nusu. Msitie mafuta ya moto wala kitu chochote sikioni. Mpelekeni zahanati, na ikibidi hospitali kuu ya rufaa ya kaunti hapo Garissa.

Wazazi wengi wanatuambia, "Huyu hana shida, dugsi anasoma juzuu nzima bila kukosea." Ni kweli, na tunafurahi naye. Lakini kukariri ni kama punda aliyezoea njia ya kisima: kila hatua inaita inayofuata. Hata siku za juma au kuhesabu mpaka mia ni hivyo. Kutafuta neno moja peke yake, bila lililo kabla yake, ni kazi nyingine. Mtoto anaweza kuwa hodari sana kwa hii na kukwama kwa ile. Kwa hiyo mwalimu wa dugsi ni mtu wa kuulizwa pia, na kukariri kwake vizuri kuandikwe kama nguvu yake.

Na viboko. Vilipigwa marufuku shuleni tangu 2001, na sheria ya elimu ya 2013 ikarudia. Lakini bado tunasikia mtoto amechapwa kwa kunyamaza. Mtoto wa aina hii akiogopa, hata yale maneno saba yanapotea.

MKIONA DALILI, MWENDE WAPI

Kama mtoto ametaja pungufu sana kuliko wenzake, na alivyovikosa anavionyesha vingi, mpelekeni kwenye kituo cha kuchunguza watoto wenye mahitaji maalum, kile ambacho walimu wanakijua kwa herufi EARC. Vituo hivi vilianzishwa mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark. Sheria ya 2013 imeiwekea bodi ya elimu ya kaunti jukumu la kuviendesha. Ulizeni ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yenu siku gani wanapima, msiende hivi hivi. Wengi wa wanaopima ni walimu waliosomea elimu maalum, na chuo chao kikubwa ni KISE cha Nairobi, kilichoanzishwa 1986. Wataalamu wa matamshi na lugha wenyewe ni wachache nchini na wengi wako Nairobi, kwa hiyo msitegemee kumkuta mmoja hapo mlangoni.

Na kwa sababu hiyo karatasi yenu ina thamani. Mtu wa kituo atakuwa na mtoto saa moja, pengine kwa lugha ambayo si ya nyumbani, na mtoto amechoka na safari. Nyinyi mnaye kila siku. Bebeni ile orodha ya vitu 20 na majibu kama yalivyotamkwa, matokeo ya wale watano wa rika lake, historia ya magonjwa, daftari lake la shule, na mtu anayeongea lugha yake vizuri. Wenye kuvuka kutoka ng'ambo ya Madogo wasingoje mvua. Mnakumbuka Novemba 2023 na Aprili 2024 barabara ilivyofunikwa na maji pale Kona Punda.

Mkiwa mnangoja siku ya kituo, kuna ya kufanya nyumbani. Akikwama, ngojeni. Hesabuni mpaka kumi kabla ya kumsaidia, na msimmalizie neno kila mara. Ikibidi mpeni mawili achague: "Ni kamba au ni sindano?" Fundisheni maneno kwa mafungu, ya maziwa pamoja, ya ngamia pamoja, ya kupikia pamoja, na neno jipya lipigiwe makofi kwa silabi: bi-ri-ka, ki-cha-na. Vitendawili vya jioni, na halxiraale kwa Wasomali, ni mazoezi mazuri, maana kitendawili kinaeleza kitu na kumwachia mtoto alete jina. Ila mchezeni naye wawili watatu, si mbele ya kundi zima linalocheka. Majina ya watoto mliowapima yabaki kwenye daftari la katibu. Hayana haja ya kusomwa barazani.

Baada ya muhula mmoja rudieni. Vitu 20 vilevile, na vingine 10 ambavyo hamkuvifanyia mazoezi, na muandike tarehe juu ya karatasi. Akipanda kwa vile 20 peke yake, amekariri gunia lenu. Akipanda kwa vile 10 pia, mpelekeeni mwalimu karatasi hiyo na ile ya kwanza, azione pamoja.